Mtani Hakusimama

Watu wa Temeke wanasema mie ndiye niliyemfunga Kondo. Haya, na waseme. Wengi wao hawakuwepo Mtoni siku ile, na mahakamani walikuja kwa sababu hawakuwa na kazi ya kufanya. Mie nilikuwepo kote kuwili, na kila nikisikia mtu anaisimulia kwa kuikosea damu inanichemka. Kwa hiyo niiseme mwenyewe, na nikimaliza, anayetaka kunilaani anilaani kwa jambo nililolifanya kweli.

Naitwa Alfonsi Maganga, Mnyamwezi wa Tabora. Wakati ule nilikuwa koplo wa polisi, miaka saba niko kwenye kizuizi cha Mtoni, barabara ya Kilwa. Kizuizi chenyewe mapipa mawili upande huu, mawili upande ule, katikati pa kupita gari moja. Ukitoka Mbagala kuingia mjini lazima unipitie. Kondo alikuwa dereva wa lori la kijiji cha ujamaa huko mbele ya Mbagala, Bedford la kijani lililochoka mpaka milango yake ilifungwa kwa kamba, na kila Jumanne na Ijumaa asubuhi alikuwa analeta mihogo soko la Tandika. Mzaramo yule, wa baba na wa mama.

Sasa Mnyamwezi na Mzaramo, mnajua wenyewe. Ni watani. Babu zetu walishuka pwani na pembe za ndovu kichwani, wamechoka, wana njaa, na babu zao wakawapokea kwa mihogo na matusi, na toka hapo hakuna wa kumkasirikia mwenzake. Nikikuta kuku wake nachukua. Akikuta shati langu kwenye kamba anavaa, anakwenda nalo ngomani. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa, na watu watakucheka mwaka mzima.

Siku ya kwanza nilimsimamisha kama dereva mwingine yeyote. Akanisikiliza ninavyoongea, akaniuliza, "Afande, wewe kabila gani?" Nikamwambia. Lo! Alicheka mpaka akalala juu ya usukani. "Mpagazi! Mpagazi wa babu yangu leo ananisimamisha mie barabarani!" Akanirushia muhogo, akatia gia, huyoo, kaenda zake. Askari wenzangu wakaangua kicheko, na mie nikacheka nao. Toka siku hiyo Kondo hakuwahi kusimama kwenye kizuizi changu. Mie nanyanyua mkono, yeye anapunguza mwendo, ananitukana ukoo mzima, ananitupia muhogo mmoja au miwili, anapita. Miaka saba hivyo. Jioni mke wangu Yuliana anaimenya mihogo ile, watoto wanakula, na mie nawasimulia matusi ya siku hiyo.

Msinitazame hivyo. Mngekuwepo mngecheka na nyie.

Basi ukaja mwaka ule wa msako wa walanguzi. Sukari hakuna, sabuni hakuna, khanga utaisikia tu, na vyote hivyo vilikuwa vinapita chini ya magunia ya mkaa kwenye malori. Madereva wakawa hawasimami. Ukinyanyua mkono wanakanyaga mafuta wanakujia wewe mwenyewe, na askari mwenzetu mmoja wa barabara ya Bagamoyo aligongwa akavunjika nyonga. Watu walichukia, na hata mie nilichukia. Jumatatu moja kwenye paredi Inspekta Theonest akatusomea amri mpya. Huyu Inspekta alikuwa mgeni kituoni, Mhaya, kijana bado, viatu vinang'aa muda wote. Mkali, lakini hakuwa mtu mbaya, hilo nalisema kwa haki yake.

"Dereva asiyesimama kwa amri ya polisi amekimbia," akasoma. "Faini imeondolewa. Ni miaka miwili jela na leseni kufutwa." Akakunja karatasi akatutazama mmoja mmoja. "Na askari atakayemwachia dereva apite hivihivi, au akapokea chochote kutoka kwenye gari, hata ndizi, atamfuata hukohuko."

Hata ndizi. Nikaanza kuhesabu mihogo ya miaka saba.

Sikungoja. Siku ileile, nilipotoka kazini saa kumi, nikapanda basi mpaka Mbagala, nikatembea kwa mguu mpaka kijijini kwao. Nikamkuta Kondo kibarazani amekaa mkekani, mkewe Somoe anakuna nazi pembeni. Kabla sijafika karibu akapiga kelele, "Somoe, ficha sufuria! Mnyamwezi huyo anakuja!"

"Kondo, leo sitanii," nikamwambia.

"Hivyo ndivyo anavyoanzaga," akamwambia mkewe. "Juzi alivyochukua baiskeli yangu alianza na hilohilo, leo sitanii."

Na kweli. Nilikuwa nimeanza hivyo. Hicho ndicho kilichotuponza, kwa sababu toka tujuane mie na Kondo hatukuwahi kuambizana neno hata moja la kweli bila kulipaka matusi. Mama yake alipofariki mie nililala kaburini nikakataa kutoka mpaka wanipe jogoo, na yeye Kondo, macho yamevimba kwa kulia, alicheka. Sasa mtu kama huyo unamwambiaje kwamba leo ni kweli? Nilijaribu. Nikakaa chini, nikavua kofia, nikasema pole pole kwamba kuna amri mpya, kwamba kuanzia kesho asimame kwenye kizuizi, azime injini, atoe leseni kama wengine, la sivyo ni miaka miwili jela.

Akanisikiliza kwa adabu kabisa, kichwa kainamisha. Halafu akamgeukia Somoe.

"Umemsikia mpagazi? Anataka nimsimamie! Nimvulie na kofia!" Akapiga paja lake kwa kicheko. "We Alfonsi, jela hiyo aliijenga nani? Si mababu zako waliobeba mawe? Nitakununua wewe pamoja na jela yako!"

Somoe akacheka mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa ncha ya khanga. Na mie nikacheka. Ndiyo, nikacheka! Ndilo jambo ninalojichukia kwalo mpaka leo. Ningeweza kumkamata shingo, kumpiga kibao, kupiga magoti, chochote ambacho mtani hafanyi. Badala yake nikamwambia, "Haya, Mzaramo, utaona," nikachukua nazi mbili za Somoe bila kuomba kama ilivyo desturi, nikaondoka. Kwenye basi nilijipa moyo kwamba keshasikia, ni mtu mzima, atasimama.

Jumanne saa tatu asubuhi, jua limeshakuwa kali. Inspekta Theonest alikuja na Land Rover yake akaiegesha pembeni, akashuka, akasimama nyuma yangu hatua kama kumi, mikono mgongoni. Sikuweza kutulia. Nilikagua lori la mkaa, nikakagua pikapu ya samaki, huku jicho langu liko barabarani kuelekea Mbagala. Nilikuwa nanong'ona peke yangu kama mwehu, simama Kondo, simama leo tu, halafu nitukane mpaka Ijumaa.

Bedford likatokea. Nikanyanyua mkono juu kabisa, nikapuliza filimbi, ambayo kwake sikuwahi kuipuliza. Akapunguza mwendo kama kawaida. Nikamkazia macho, nikamfanyia ishara kwa kidevu kwamba nyuma kuna mkubwa. Kondo akachungulia dirishani, meno yote nje. Aliona mtani wake leo kaongeza vituko, ana filimbi na macho kayatoa.

"Toka njiani, mtumwa! Bwana wako anapita!"

Muhogo ukanipiga kifuani, mkubwa, una udongo wake. Lori likapita.

Nilisikia viatu vya Inspekta vikija. "Koplo," akasema, "yule amekimbia."

Nilikuwa na nafasi pale. Ningemwambia, afande, yule ni mtani wangu, ni Mzaramo yule, hakimbii. Lakini angeuliza, amefanya hivi mara ngapi? Na muhogo ulikuwa miguuni pangu. Akautazama, akanitazama.

"Unamfahamu?"

"Kwa sura, afande," nikasema.

Maneno matatu tu hayo, na yalinitoka haraka kuliko pumzi.

Tulimkuta Tandika sokoni. Mtu aliyekimbia! Kaegesha lori mahali pake pa siku zote, anateremsha mihogo na wapakiaji, jasho linamtiririka. Alivyoniona nashuka kwenye Land Rover alishika kiuno akapiga yowe la furaha. "Jamani, njooni muone! Mnyamwezi leo kanifuata na gari la serikali!" Akanyoosha mikono mwenyewe afungwe pingu. Soko zima wakamshangilia. Alicheka njia nzima mpaka kituoni, ananikanyaga mguu kwa siri, ananikonyeza, na mie natazama nje. Alipoambiwa avue mkanda na viatu aingie mahabusu ndipo aliponiuliza kwa sauti ndogo, "Mtani, mchezo huu unaisha saa ngapi?"

Inspekta alinipa karatasi akaniambia andika ulichoona. Nikaandika kwamba nilimsimamisha, hakusimama. Hakuna uongo hapo hata herufi moja, mtu yeyote anaweza kwenda kuisoma karatasi ile.

Kesi ilipangwa baada ya wiki mbili, na dhamana hakupewa, wakati ule wa msako dhamana ilikuwa ndoto. Wiki mbili zile sikukaa kitako. Nilikuwa natoka nyumbani bila sababu, natembea toka kota za polisi mpaka Mtoni, narudi, natoka tena. Napiga pasi sare ambayo nimeshaipiga. Nikiwafokea watoto, Yuliana anawatoa nje.

Siku ya tisa Somoe akaja kota. Hakuja analia. Alikuja na mihogo kwenye kikapu, kakitua mlangoni kwa kishindo, akasema, "Haya mpagazi, chakula chako hiki. Sasa mrudishe mume wangu, mchezo umetosha. Lori limelala, kijiji kizima hakuna mwingine mwenye leseni, mihogo inaoza."

"Somoe, siyo mchezo," nikamwambia.

Akanitazama usoni muda mrefu. Nikaona anaanza kuelewa, na sikuweza kuvumilia, nikatazama kikapu. Akasema taratibu, "Lakini wewe si utawaambia? Utawaambia nyie ni watani. Hakimu naye ni mtu wa nchi hii, ataelewa."

"Nitawaambia," nikasema.

Wakati huo nilimaanisha. Haki ya Mungu nilimaanisha.

Alipoondoka Yuliana akatoka jikoni. "Utawaambia na habari ya mihogo?" akaniuliza.

"Ukisema utani lazima useme mihogo. Ndiyo utani wenyewe."

"Basi watakufukuza."

"Kunifukuza siyo kitu. Watanifunga na mie. Hata ndizi, alisema."

Akakaa kwenye kizingiti, akaanza kuhesabu watoto kwa vidole kama vile hajui idadi yao. Wanne, na wa tano tumboni, na nyumba ni ya serikali. "Mie siwezi kukwambia la kufanya," akasema mwishoni. "Ukisema, tunatupwa nje. Usiposema, sijui nitamtazamaje yule mwanamke." Mihogo ile haikuguswa. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuimenya wala wa kuitupa.

Mahakama ilijaa. Wazaramo walikuja kutoka Mbagala, Mtoni, Temeke yote, wamevaa vizuri kama wanaokwenda harusini, maana walijua ni kesi ya utani na walitaka kuona Mnyamwezi atamaliza vipi. Kondo alipoingizwa kizimbani alikuwa kakonda, nywele hazikuchanwa, lakini aliponiona akatabasamu. Alikuwa bado anangoja. Wiki mbili zile zote, kwenye sakafu ya mahabusu, alikuwa anangoja mtani wake afike mwisho wa mzaha.

Nikaapa. Mwendesha mashtaka akaniuliza kama nilimsimamisha mshtakiwa. Nikasema ndiyo. Alisimama? Hakusimama. Ulipuliza filimbi? Nilipuliza. Inspekta Theonest alikuwa kakaa mstari wa mbele, kofia magotini.

Hakimu, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani, akamgeukia Kondo. "Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?"

"Ninalo moja tu, mheshimiwa." Akanigeukia, tabasamu palepale. "Koplo, waambie hapa. Mie na wewe ni nani?"

Swali jepesi vile! Mtoto wa darasa la kwanza angelijibu. Nikafungua mdomo, na neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi, neno moja tu. Nikamwona Inspekta kanyanyua kichwa. Nikamwona Yuliana kizingitini na vidole vyake.

"Namfahamu mshtakiwa kwa sura, mheshimiwa," nikasema. "Ni dereva wa lori la kijiji."

Kondo akacheka. Alicheka kwa sauti, kwa raha kabisa, kichwa nyuma, na Wazaramo wote nyuma yake wakaangua kicheko, wengine wakapiga makofi, maana huo ulikuwa utani wa hali ya juu, mtu kumkana mtani wake mbele ya hakimu! Hakimu akagonga meza. "Kimya! Kimya, nasema!"

Kondo akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono. "Kanipata leo, mheshimiwa. Mnyamwezi kanipata." Akanigeukia. "Haya, bwana. Sasa jibu la kweli."

Watu wakasogea mbele wasikie. Nilisikia baiskeli inapita nje.

"Ndilo jibu langu," nikasema.

Sijui kama mmewahi kuona kicheko kinavyomtoka mtu usoni. Hakitoki mara moja. Midomo ya Kondo ilibaki wazi bado imecheka, macho yakawa yananitafuta, huku na huku juu ya uso wangu, kama mtu aliyeingia nyumba aliyoizoea akakuta vyombo vimehamishwa. Halafu akaelewa. Akatazama chini.

"Sina swali jingine, mheshimiwa," akasema.

Alipopewa nafasi ya kujitetea hakutaja utani. Hakutaja mihogo. Angeweza kunizamisha kwa sentensi moja, mashahidi alikuwa nao nusu ya ukumbi. Alisema tu, "Sikuelewa kwamba nasimamishwa, mheshimiwa. Naomba mnisamehe, lori ni la watu." Mpaka leo najiuliza kwa nini alinistiri. Nikifikiria sana napata jibu, na jibu hilo silipendi. Mtani hamshitaki mwenzake. Yeye aliendelea kuwa mtani hata baada ya mie kuacha.

Hakimu akasema sheria haimpi nafasi ya kuchagua. Miaka miwili, leseni ifutwe. Kondo akateremshwa.

Nje nilimkuta Somoe chini ya ukuta na wale watu wa Mbagala. Nikamwendea. Nilitaka anitemee mate, nilitaka anivue kofia aikanyage, nilikuwa tayari hata anipige mbele ya askari. Somoe akajifunga khanga vizuri, akasema, "Asante afande. Umefanya kazi yako." Wazee waliokuwa pale, watu ambao miaka saba walikuwa wananiita mpagazi na mla kuku wa watu, wakanipisha nipite.

Kondo alitoka baada ya miezi kumi na sita, kwa tabia njema. Wakati huo mie nilikuwa sajini. Inspekta Theonest alinipendekeza, akasema ni askari asiyeangalia sura ya mtu. Nilingoja wiki moja, ya pili sikuweza tena. Nikaenda Mbagala Jumapili mchana bila sare. Njia nzima nilikuwa natunga matusi. Nilitunga mazuri, ya ukoo, ya jela, ya upara aliotoka nao, niliambiwa kanyolewa. Nilijua nikimtukana kwanza, akajibu hata nusu, tumepona.

Alikuwa kibarazani anasuka ukili wa mkeka, siku hizi ndiyo kazi yake, maana gari hagusi tena. Nikasimama uani nikapiga kelele, "We Mzaramo! Serikali imekulisha bure miezi kumi na sita, hata shukrani huna!"

Akainua kichwa. Akaweka ukili chini, akasimama, akajipangusa mikono kwa kanzu yake. Halafu akaingia ndani akatoka na kiti, kile kimoja cha mgongo walichonacho, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakiweka kivulini.

"Karibu, afande. Karibu uketi."

"Kondo," nikasema, "nitukane."

"Hawajambo nyumbani? Mama watoto alijifungua salama?"

"Kondo, nakuomba. Nitukane, bwana. Chukua shati hili, chukua viatu."

Akatabasamu, tabasamu la kumpokelea mgeni. "Tumesikia umepanda cheo. Hongera sana, afande. Mungu akuzidishie." Akageukia mlangoni. "Somoe, kuna mgeni. Mletee chai."

Nikakaa. Ningefanyaje? Somoe akaleta chai kwenye kikombe chenye sahani yake, akapiga goti kidogo kunipa, akasema nisamehe sukari ni chache. Tukaongea habari za mvua. Kuku wao walikuwa wanapita miguuni pangu, wanene, na mie nikaweka mikono yangu magotini mpaka nilipomaliza chai, nikaaga.